Nani Amlipe Mwosha Boti?

Kikuyu, jijini Dodoma, si mbali na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana pale ilipokuwa sekondari ya Mazengo, kijana anaosha pikipiki. Hana haraka. Anamwaga maji, anapaka povu, kisha anachukua mswaki uliochakaa na kuingia nao kwenye spoki, moja baada ya nyingine, mpaka rimu itoe mng'ao. Hatua chache kutoka hapo kuna meza ya samaki. Perege wamepangwa kwenye sinia, vichwa upande mmoja, na mama mwenye meza anawafukuzia nzi kwa kipande cha boksi. Ukimwinua mmoja na kufungua shavu, unakuta matamvua yamegeuka rangi ya udongo. Harufu yake huhitaji kuelezwa.

Pikipiki ile iliogeshwa jana, imeogeshwa leo, na kesho itaogeshwa tena. Boti iliyomtoa yule perege majini pengine mara ya mwisho kuguswa na brashi ni siku ilipopakwa rangi. Usiseme wavuvi ni wachafu na bodaboda ni watanashati. Abiria huiona pikipiki kabla hajapanda, na ikiwa na matope anaita ya jirani. Mla samaki wa Dodoma haioni boti. Kwa hiyo usafi wa pikipiki una bei, na usafi wa boti hauna.

Ukiifuata biashara ya samaki wa mji huu kutoka mezani hadi majini, karibu kila tatizo lake linarudi kwenye jambo hilo.

Dodoma imekuwa soko kubwa kwa muda mfupi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, jiji limevuta watumishi, wanafunzi, mafundi na wenye hoteli, na Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Wapo waliotoka Kanda ya Ziwa, Ziwa Nyasa na Pwani, na wamekuja na midomo yao. Mgogo wa zamani, mwenyeji wa hapa, alitosheka na ugali wa uwele na mlenda, akila nyama siku ya nyama. Mgeni wa Kyela, Ukerewe au Tanga anataka samaki. Bunge la bajeti likianza Aprili, majiko ya hoteli yanaongeza oda. Sangara, sato na dagaa wanashuka kutoka Mwanza, samaki wa maji chumvi wanapanda kutoka pwani, kidogo kinatoka bwawa la jirani la Hombolo. Lakini samaki wa karibu anayepatikana kwa wingi, anayeweza kuvuliwa usiku na kufika Kikuyu kabla ya chakula cha mchana, ni wa Mtera.

Mtera iko karibu nusu ya njia ya kwenda Iringa, na barabara ya lami inapita hapohapo bwawani. Bwawa lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kuyazuia maji ya Ruaha Mkuu yaulishe mtambo wa Kidatu ulio chini kwenye mto huohuo. Tangu 1988 lina mtambo wake, wa megawati 80. Likijaa, maji hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600, na perege na kambale wamejipatia makazi humo. Wavuvi walifuata.

Uvuvi huu unaishi kwa ratiba ya umeme. Usawa wa maji ya Mtera hupimwa kwa mita juu ya usawa wa bahari: 698.5 likiwa limejaa, 690 ndiyo mwisho wa kuzalisha umeme. Kati ya tarakimu hizo mbili ufukwe unahama. Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, haulishi tena bwawa mwaka mzima kama zamani. Maji yakirudi nyuma yanaacha uwanda wa tope, na boti inakokotwa juu yake kwenda na kurudi. Anayepanda anapanda na tope miguuni. Mwalo wa leo mwezi ujao unaweza kuwa malisho ya ng'ombe, na hakuna anayejenga sakafu ya zege, bomba la maji au choo mahali ambapo maji yenyewe hayajaamua kukaa.

Tuingie ndani ya boti. Nyingi ni za mbao, ndefu, zimeungwa kwa misumari na kuzibwa nyufa. Katikati, chini kabisa, panakusanyika maji. Watu wa pwani wanapaita ngama, na kazi ya kuyatoa maji yake ni kufua maji; huku bara anayeifanya anaitwa tu kijana wa kopo, kwa sababu kifaa chake ni kopo la mafuta ya kula lililokatwa. Maji ya ngama yana damu, ute, magamba, tope la asubuhi na, penye injini, matone mawili ya petroli. Yanapata joto kadiri jua linavyopanda. Samaki anayetolewa wavuni anatupwa humo humo.

Hapo ndipo hasara inapoanza. Nyama ya samaki mzima, aliye hai, haina vijidudu. Vijidudu viko kwenye ute wa ngozi, kwenye matamvua na kwenye utumbo, na samaki akishakufa hakuna cha kuvizuia kuingia ndani. Kwenye joto la nyuzi 30 samaki huharibika ndani ya saa chache. Perege aliyezikwa kwenye barafu mapema anaweza kukaa wiki mbili na zaidi. Ukimlaza kwenye maji machafu ya jana umempa vijidudu vya jana juu ya vile alivyotoka navyo majini. Na ubao haujitetei: unanyonya damu, mikwaruzo ya nanga na visu inahifadhi ute, na kila safari inaacha mbegu kwa safari inayofuata. Shombo ambalo mama wa Kikuyu analaumiwa nalo saa sita mchana lilipandwa Mtera alfajiri.

Dawa yake haina siri. Toa kila kitu botini. Mwaga maji uliyoyateka mbali na ufukwe, si pale ng'ombe wanaponywea na watu wanapofulia. Sugua kwa brashi ngumu na sabuni, ukiingia kwenye kona za mataruma, zile mbavu za boti, maana uchafu hupenda kona kuliko sakafu. Suuza. Hapo ndipo jiki iliyozimuliwa inafaa, maana klorini ikikutana na damu inamalizika nguvu kwa damu, na vijidudu vinabaki salama chini yake. Wengi wanaanza na jiki kwa sababu harufu yake inaridhisha pua. Ni sawa na kunyunyiza marashi juu ya shati la jasho. Suuza tena, acha boti iote jua. Na kabla ya safari, panga kichanja cha fito au mbao juu ya ngama, ili samaki wasilale ndani ya maji. Ukipata boksi lenye barafu, bora zaidi.

Kazi yote hiyo inachukua kama nusu saa kwa watu wawili. Kwa nini haifanyiki?

Tuchukue mfano wa hesabu. Boti imeleta kilo 50. Tuseme perege wa macho angavu, mwenye mashavu mekundu, anauzika Kikuyu kwa shilingi 8,000 kwa kilo, na aliyelegea anaishia kwenye karai la mafuta kwa 5,000. Kilo kumi zikilegea, shilingi 30,000 zimepotea. Sabuni na jiki ya siku hiyo havifiki shilingi 2,000, na brashi inadumu miezi. Kwa mhasibu jibu liko wazi kabla hajafungua daftari.

Ila mhasibu angeuliza pia: zile 30,000 zimetoka mfuko wa nani? Si wa mvuvi. Alfajiri mwaloni samaki wote wanafanana. Wa boti safi na wa boti chafu wote wanang'aa, wote wanapimwa kwa mzani mmoja. Tofauti inajitokeza saa sita baadaye, zaidi ya kilomita mia kutoka hapo, juu ya sinia la mwanamke ambaye hajawahi kuiona boti yenyewe. Yeye ndiye anayepunguza bei na kuwabembeleza wateja. Aliyeokoa shilingi 2,000 na aliyepoteza 30,000 hawajuani.

Ndani ya boti kwenyewe mgawanyo ni huohuo. Mwenye boti mara nyingi yuko nchi kavu. Mapato yakishatolewa mafuta na chakula, yanagawanywa: fungu la boti na nyavu, fungu la wavuvi. Hakuna fungu la kuosha. Kuosha kunakuja baada ya kuuza, wakati watu wamekesha na macho mekundu, na kunaangukia kwa mdogo kuliko wote, asiye na sauti ya kukataa wala sababu ya kukubali kwa moyo. Tena anaosha akiwa amesimama kwenye maji ya magotini, yale yenye konokono wa kichocho. Ugonjwa huo nao haumo kwenye mgawo.

Msomaji wa pwani ataniambia kwamba Waswahili wamejua kutunza vyombo tangu enzi. Ni kweli. Mashua hupwelewa makusudi maji yakitoka, ikachomwa chini kwa makuti makavu kuua funza wanaotoboa mbao, ikapigwa kalafati na kupakwa deheni ya chokaa na mafuta. Ni kazi ya ustadi, na ina mafundi wake wanaolipwa. Lakini tazama wanacholipwa kukitunza: ni mbao. Chini ya chombo ni mali ya mwenye chombo, na funza wakiila anapoteza yeye. Tumbo la chombo, samaki wanapolala, hasara yake ni ya mwingine. Ndiyo maana unaweza kukuta mashua yenye mkuku safi kama meza ya harusi, na ngama yake ukiinusa unageuza uso.

Wapo wavuvi wetu waliowahi kulipwa kwa ajili ya usafi, na walibadilika upesi. Ni wa sangara. Mwishoni mwa 1997, kipindupindu kilipoenea Afrika Mashariki, Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wabichi wa Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji mpaka katikati ya 1998. Mwaka 1999 mlango ukafungwa tena, safari hii kwa hofu ya sumu iliyotumiwa kuvulia. Viwanda vya Mwanza na Musoma viliona mauti. Baada ya hapo ikaja mialo yenye sakafu na paa, wakaguzi, barafu, na maabara ya ubora wa samaki Nyegezi. Kanuni za Ulaya za usafi wa vyakula, zilizoandikwa upya mwaka 2004, zinataka kila sehemu ya chombo inayomgusa samaki iwe laini, isiyoshika kutu na rahisi kuosha. Mvuvi wa Ukerewe hakuzisoma. Alichoelewa ni kwamba wakala wa kiwanda amekataa mzigo, na mzigo uliokataliwa ni wa kwake.

Tatizo la sangara ni kwamba usafi ule uliishia kwake. Dagaa wa ziwa lilelile waliendelea kuanikwa mchangani, kwa kuwa mlaji wao ni mimi na wewe. Tumekubali muda mrefu kwamba samaki wa Madrid alale kwenye barafu na wa soko la Majengo hapa Dodoma alale kwenye tope.

Serikali imeanza kuingiza boti za faiba. Januari 2024 mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo usio na riba. Faiba hainyonyi damu kama ubao, na ikisuguliwa inasafishika kweli. Nazipongeza, lakini kwa tahadhari: faiba isiyooshwa ni ndoo kubwa ya uchafu, tena inayopata joto. Brashi bado inahitaji mkono, na mkono unahitaji fungu lake kwenye mgawo.

Fungu hilo halitatoka kwa wanunuzi wadogo. Mama mwenye sinia hawezi kwenda Mtera kukagua ngama. Wanaoweza ni wanunuzi wakubwa wa jiji hili: hoteli, migahawa ya vyuo, wapishi wa semina na vikao vya Serikali. Wananunua kwa wingi, wanalipa kwa oda, na wanaweza kuandika kwenye oda hiyo mstari mmoja: samaki wa boti iliyooshwa na yenye kichanja, kwa shilingi mia kadhaa zaidi kwa kilo, na mzigo wa boti isiyooshwa unarudishwa. Vikundi vya wavuvi vinavyosimamia mwalo vinaweza kushuhudia ni boti gani imeoshwa, maana wako pale alfajiri. Mwenye boti akikosa oda mara mbili atamtafutia mwosha boti wake fungu, na buti za mpira juu yake.

Wizara ya Mifugo na Uvuvi ipo Mtumba, ndani ya jiji hilihili, na wageni wake hula samaki hapa. Ianze na jiko lake lenyewe: kabla ya kulipia oda ijayo, imuulize mzabuni samaki wametoka boti gani, na ilioshwa lini.