Sanduku letu linasema: tujifunze kusoma feza inayoingia na inayotoka

Wamama wapendwa wa Kasongo na Kabambare, wengi wetu tuko ndani ya AVEC. Kila juma tunakutana, sanduku linafunguliwa kwa funguo tatu, kila mama ananunua hisa zake, moja mpaka tano, na anayehitaji mkopo anaomba. Tukimaliza tunahesabu, tunafunga, tunarudi nyumbani. Hesabu ile tunaitumia kujua kiasi kilichomo tu, lakini ina habari nyingine: inaonyesha mioyo ya watu ikoje, hata kabla hawajafungua kinywa.

Matajiri wa mbali wanaijua siri hiyo. Katika inchi nyingi kuna mifuko ambamo maelfu ya watu wanaweka feza pamoja, na wataalamu wanaitumia kununua mali. Majirani zetu wa Tanzania wana Mfuko wa Umoja tangu mwaka 2005. Wafanyabiashara wanaangalia feza ngapi zimeingia katika mifuko ya namna hiyo na ngapi zimetoka. Zikiingia kwa wingi, watu wana matumaini. Zikitoka mbio, kuna woga.

Jambo hilo linatufikia hata sisi. Kuna mifuko ya ulaya na Marekani inayonunua dhahabu. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, watu waliogopa, wakakimbilia dhahabu: zaidi ya tani 800 ziliongezeka katika mifuko hiyo, na mwezi wa Agosti bei ikapita dola 2.000 kwa onsi moja. Mwaka uliofuata woga ulipungua, na feza ikaanza kutoka. Mama anayeuza muchele au mafuta ya mawese Salamabila ao Namoya anajua maana yake: bei ya dhahabu ikipanda ao ikishuka, mfuko wa mchimbaji unabadilika, na soko la mama vilevile.

Namna ya kusoma sanduku

Tuchukue mfano. Kikundi kina wamama 20, hisa moja ni franka 1.000.

Juma la kwanza: hisa 60, ni franka 60.000. Madeni yaliyorudishwa ni 40.000. Mikopo iliyotoka ni 70.000. Iliyoingia yote ni 100.000, tukiondoa 70.000, sanduku limeongezeka 30.000.

Juma la nne: hisa 30, ni franka 30.000. Madeni yaliyorudishwa ni 15.000. Mikopo iliyotoka ni 90.000. Iliyoingia ni 45.000, iliyotoka ni 90.000. Sanduku limepungua 45.000.

Kuna jambo. Lakini jambo gani? Hapa ndipo tusikimbilie kusema kikundi kinakufa. Tujiulize maswali matatu.

La kwanza: ni wakati gani wa mwaka? Mwezi wa Septemba watoto wanarudi masomoni. Hata kama shule ya msingi ya serikali ni ya bure tangu mwaka 2019, madaftari na iniforme vinanunuliwa, na wa sekondari wanalipa. Hisa zikipungua Septemba, hiyo ni kawaida. Linganisha Septemba na Septemba ya mwaka jana, na mavuno na mavuno, usilinganishe juma hili na juma lililopita tu.

La pili: ni wangapi? Kama wamama wawili wenye kununua hisa tano wamesafiri, hiyo ni habari yao wawili. Kama wote 20 wamepunguza hisa moja moja, hiyo ni habari ya kijiji kizima.

La tatu: mikopo imekwenda wapi? Mikopo ya mbegu na biashara inaonyesha matumaini. Kesho itarudi na faida. Mikopo ya chakula na dawa inaonyesha shida. Na kama wote wanaomba siku moja, ao wanataka kugawana kabla ya mwisho wa mzunguko, huenda kuna tetesi za vita ao hawaaminiani tena. Hapo mama prezidante asifunge mkutano haraka. Auachie muda, watu waseme. Tukigawana kwa woga, feza iliyo mikononi mwa wenye madeni ni ngumu kurudi, na anayeumia ni mama aliyeweka bila kukopa.

Feza nyingi si ukweli daima

Wazee wetu wanakumbuka Bindo. Huko Kinshasa watu walipeleka feza wakiahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi. Wa kwanza walilipwa, habari ikaenea, feza ikamiminika. Lakini waliotangulia walilipwa kwa feza za waliofuata, hakukuwa na biashara iliyoweza kuzaa faida ile. Mwaka 1991 ikaanguka, na familia nyingi zikapoteza kila kitu. Feza inayoingia inaonyesha kwamba watu wanaamini; haionyeshi kwamba wanachokiamini ni cha kweli. Leo mtu akija na ahadi ya namna ile, akikuambia wengi wameshaweka, umuulize: faida inatoka kazi gani?

Kazi ya juma hili

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi katika mkutano unaokuja, sekretere achore mistari mine katika daftari: hisa zilizoingia, madeni yaliyorudi, mikopo iliyotoka, na tofauti. Aandike kila juma, na pembeni aweke neno moja la sababu: mavuno, masomo, ugonjwa, tetesi. Kisha asome kwa sauti, maana si wote wanaosoma, lakini wote wana haki ya kujua.

Baada ya mzunguko mmoja mtaona wenyewe majuma ambayo sanduku linakauka. Mtajua lini muache kutoa mikopo mikubwa, na lini mama mwenzenu anahitaji kutembelewa kabla hajaomba.