Kumbukumbu ya Laptopu Imepungua: Hesabu Kwanza, Ndipo Useme

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee walilisema neno hilo juu ya mifugo na mazao, lakini siku hizi lafaa pia kwa kompyuta ya mkononi, ile tuiitayo laptopu.

Laptopu zimekwisha fika vijijini mwetu. Mwalimu anayo, karani wa chama cha ushirika anayo, kijana aliye chuoni anayo. Nyingi zimenunuliwa kwa taabu: huyu ameuza ndama, yule ameuza magunia ya mahindi. Na kwa kuwa hakuna chombo kisichoharibika, hapana budi siku moja iende mjini kwa fundi. Yaenda kwa sababu ya feni, au tundu la chaji, au kioo kilichopasuka. Yarudi imepona ugonjwa huo, walakini mwenyewe aona kazi yake imekuwa nzito. Akiitazama vizuri, aona kumbukumbu iliyokuwa gigabaiti 8 sasa ni gigabaiti 4. Neno la kwanza limtokalo kinywani ni hili: "Fundi ameniibia!"

Pengine ni kweli. Pengine si kweli hata kidogo. Mambo haya mawili yaweza kupambanuliwa, tena kwa kazi ya dakika chache tu. Basi, msomaji mpenzi, na tuyatazame moja moja.

KUMBUKUMBU NI NINI?

Laptopu ina mahali pawili pa kuweka mambo. Pa kwanza ni diski. Hiyo ni kama ghala: barua, picha na hesabu zako hukaa humo usiku na mchana, hata chombo kikizimwa. Pa pili ni kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu. Hiyo ni kama jamvi lililotandikwa mbele ya ghala. Mama atakaye kuchambua maharagwe hayachambui gizani mle ghalani. Huyatoa, huyamwaga jamvini, ndipo huyachambua. Jamvi likiwa kubwa, kazi yaenda upesi. Likiwa dogo, atatoa kidogo kidogo na kurudi ghalani kila mara, jua litachwa hajamaliza. Na jioni jamvi hukunjwa: vivyo hivyo laptopu ikizimwa, yote yaliyokuwa katika kumbukumbu hufutika.

Kwa hiyo kumbukumbu ikipungua, barua zako hazipotei. Ni kazi tu inayochelewa. Zikipotea barua, hilo ni shauri la diski, si la ramu.

Kwa macho, kumbukumbu ni kipande chembamba, urefu wake karibu sentimita 7, chenye meno ya rangi ya dhahabu ukingoni. Laptopu nyingi zina nafasi mbili za kutilia vipande hivyo. Gigabaiti 8 zaweza kuwa kipande kimoja cha 8, au viwili vya 4 kila kimoja. Kipande hicho ni chepesi, chaingia mfuko wa shati, na sokoni kina bei. Ndiyo sababu watu huingiwa na wasiwasi. Lakini katika laptopu nyingi zilizo nyembamba sana, kumbukumbu imelehemiwa katika bodi kuu yenyewe. Hiyo haichomolewi kwa vidole, wala fundi hawezi kuitoa bila kazi kubwa.

YAPUNGUZAYO KUMBUKUMBU BILA MWIZI

La kwanza, kipande kukaa vibaya. Kipande huingizwa kikiwa kimeinama kidogo, kisha husukumwa chini mpaka vibanio viwili, kuume na kushoto, vikishike. Kibanio kimoja kisiposhika, au vumbi likiingia katika meno yale, laptopu haikioni kipande hicho. Huwaka kama kawaida kwa kutumia kile kilichosalia, wala haisemi neno.

La pili, kipande au nafasi yake kufa. Umeme mdogo ulio katika mwili wa mtu waweza kukiua kipande, ndiyo maana fundi mzuri hugusa chuma kwanza kabla ya kukishika, na hukishika pembeni.

La tatu, Windows ya namna nyingine. Fundi akifuta Windows ya zamani na kuweka mpya, aweza kuweka ile ya biti 32 mahali pa ile ya biti 64. Windows ya biti 32 ya watu wa nyumbani haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiipa 8 au 16. Ni kama mtoto aliyefundishwa kuhesabu mpaka mia tu: ukimpa mbuzi mia mbili, atakuambia ni mia. Mbuzi wote wapo.

La nne, sehemu ya picha. Laptopu nyingi hukata fungu la kumbukumbu kwa ajili ya kuchora picha kwenye kioo. Hivyo gigabaiti 8 zaweza kuonekana 7 na kitu, au hata chini ya 6. Hiyo si hasara mpya. Mara nyingi ilikuwa hivyo tangu siku ya kununua, ila mwenyewe hakutazama.

La tano, kizuizi ndani ya Windows. Katika programu iitwayo msconfig mna mahali pa kuiamuru Windows isitumie kumbukumbu kupita kiasi fulani. Mtu akipagusa hapo kisha asiparudishe, kumbukumbu itaonekana imepungua ingawa vipande vyote vimo.

JINSI YA KUHESABU

Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Windows iliyo chini ya kioo, kisha chagua neno "System". Utaona mstari wa ramu. Mara nyingi mstari huo una hesabu mbili: ya kwanza ni kumbukumbu iliyomo, ya pili ni ile itumikayo.

Hesabu hizo mbili ndizo mashahidi wako. Ikiwa iliyomo ni 8, lakini itumikayo ni 3 na kitu, hakuna aliyeiba: vipande vimo ndani. Mara nyingi kosa ni Windows ya biti 32, au kile kizuizi, au fungu la picha. Hayo fundi atayatengeneza bila kununua kitu. Mstari mwingine chini yake hukuambia kama Windows yako ni ya biti 32 ama 64.

Lakini ikiwa ile iliyomo yenyewe imeshuka kutoka 8 mpaka 4, hapo kuna kipande kisichoonekana. Bonyeza pamoja Ctrl, Shift na Esc. Fungua palipoandikwa "Performance", kisha "Memory". Huko utaonyeshwa nafasi ngapi zimetumika. Ikisema 1 kati ya 2, nawe wajua zamani zilikuwa 2, basi kipande kimoja kimekaa vibaya, au kimekufa, au hakimo. Ikisema 2 kati ya 2 na hesabu imeshuka, yaelekea kipande kikubwa kimebadilishwa kwa kidogo.

Sasa ndipo kifuniko hufunguliwa, tena mbele ya fundi na shahidi mmoja. Laptopu izimwe kabisa, chaji ichomolewe, na betri iondolewe kwanza au waya wake uchomolewe. Kazi hiyo mwachie fundi. Nafasi ikiwa tupu, jambo ni wazi. Vikiwamo vyote viwili, vijaribiwe kimoja kimoja katika kila nafasi. Kipande kinachokataa kila mahali ndicho kilichokufa. Nafasi inayokataa kila kipande ndiyo mbovu.

HABARI MBILI

Mzee mmoja wa parokia yetu aliuza ndama wawili akamnunulia binti yake laptopu ya chuo. Feni ikaharibika, ikapelekwa mjini kwa kijana fundi ambaye ni mtoto wa jirani. Iliporudi, gigabaiti 8 zimekuwa 4. Mzee hakuhesabu. Alikwenda mnadani siku ya Jumamosi akamtaja kijana yule kwa jina mbele ya watu, kwamba ni mwizi. Wiki mbili zikapita. Watu wakaanza kupeleka simu na redio zao kwa fundi mwingine, na wazazi wa pande zote mbili wakaacha kuamkiana njiani. Hatimaye binti aliniomba tuende naye mjini. Kijana akafungua kifuniko mbele yetu, mikono ikimtetemeka. Vipande vyote viwili vilikuwamo. Kimoja kilikuwa kimeinuka upande, kibanio hakikushika. Akakisukuma kwa kidole gumba, kikalia "ta!", na gigabaiti 8 zikarudi.

Mzee alikwenda akaomba radhi, naye kijana aliipokea. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Waliosikia mnadani walikuwa wengi. Waliosikia radhi walikuwa wanne. Hata leo wako watu wasiopita dukani mwake.

Habari ya pili ni ya mama mmoja mwenye duka la kuchapa barua. Yeye, kabla ya kuiacha laptopu yake kwa fundi mwingine, aliandika karatasi: vipande viwili vya gigabaiti 4, pamoja na namba zilizobandikwa juu yake, na fundi akatia sahihi. Iliporudi, nafasi moja ilikuwa tupu. Mama hakupiga kelele, wala hakumtaja mtu sokoni. Alirudi na karatasi yake akaiweka mezani. Fundi aliisoma, akamwita mwanafunzi wake nyuma ya duka. Kesho yake kipande kilirudishwa, na namba yake ilikuwa ile ile.

Tazameni tofauti. Yule wa kwanza alikuwa na mdomo bila karatasi, akamwumiza asiye na kosa. Huyu wa pili alikuwa na karatasi, akapata mali yake bila ugomvi.

KABLA YA KUIPELEKA KWA FUNDI

Chukua daftari, uandike haya: jina la laptopu na namba yake iliyo chini ya kifuniko, kumbukumbu iliyomo na ile itumikayo, nafasi zilizotumika, ukubwa wa diski, na ugonjwa uliokupeleka. Piga picha ya kioo kwa simu hesabu hizo zikionekana. Ukifika, mwombe fundi afungue mbele yako, mpige picha ya vipande pamoja na namba zake. Andikeni nakala mbili, kila mtu na yake, wote wawili mtie sahihi. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa maana karatasi hiyo yamlinda yeye kama ikulindavyo wewe. Akikataa kabisa, tafuta mwingine.

Siku ya kuichukua, usilipe na kuondoka mbio. Iwashe pale pale dukani, uhesabu tena mbele yake.

Neno moja juu ya diski, maana hilo nalo huleta maneno. Diski iliyoandikwa gigabaiti 500 Windows huionyesha kama 465 tu, na ile ya terabaiti 1 huonekana kama 931. Hakuna aliyechukua kitu. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, lakini Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824. Ni kama kupima gunia moja kwa debe la huku na debe la kule lililo kubwa zaidi: idadi ya madebe itapungua, mahindi ni yale yale.

Nawe ukikuta kumbukumbu imepungua, usiseme, "Umeniibia." Sema hivi: "Fundi, iliingia na 8, sasa naona 4, tufungue pamoja tutazame." Maneno hayo hayamtukani mwenye haki, wala hayampi mwizi nafasi ya kujificha. Na jina la mtu usilitaje sokoni mpaka kifuniko kimefunguliwa.