Amri ya Nne na Pensheni ya Wazee: Somo Kutoka Uswidi

Amri ya Nne, kwa hesabu ya Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Je, taifa zima laweza kuitimiza kwa njia ya sheria? Katika makala hii tunakusudia kuitazama Uswidi, iliyopitisha sheria ya pensheni kwa wananchi karibu wote mwaka 1913. Tutaona kwamba kodi, pensheni na posho ya makazi haviwezi kutengenezwa kimoja kimoja.

Kwanza, kodi. Matengenezo ya mwaka 1991 yalishusha viwango vya kodi ya mapato, yakaondoa misamaha mingi, ili wenye kipato sawa watozwe sawa.

Pili, pensheni. Mpango wa zamani ulitazama miaka 15 ya mapato bora ya mfanyakazi. Wataalamu walionyesha kwamba, uchumi ukikua polepole, ahadi hiyo ingewaelemea vijana. Bunge lilikubali misingi mipya mwaka 1994, na sheria ikapitishwa mwaka 1998. Sasa asilimia 18.5 ya mapato yanayohesabiwa huandikwa kwa jina la mfanyakazi: 16 huwalipia wastaafu wa leo, na 2.5 huwekezwa. Madeni ya mpango yakizidi mali yake, pensheni hurekebishwa bila kungoja wanasiasa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2010.

Tatu, makazi. Mwenye pensheni ndogo aweza kupewa pensheni ya dhamana pamoja na posho ya kulipia pango. Hapa ndipo penye fundo, kwa maana posho hupungua kadiri pensheni inavyoongezeka. Hivyo mwanamke aliyefanya kazi miaka mingi kwa mshahara mdogo aweza kubaki na kiasi kinachokaribiana na cha jirani asiyepata kuajiriwa. Posho ikipunguzwa, maskini hukosa pango. Ikiongezwa, jasho la mfanyakazi huonekana bure. Utafiti haulifungui fundo hili. Hutuonyesha ni nani atakayebeba mzigo.

Katika Marko 7, Bwana wetu aliwakemea waliotumia nadhiri ya Korbani kukwepa kuwatunza wazazi. Hata sheria njema yaweza kugeuzwa Korbani, mtu akidhani kwamba kwa kulipa kodi amekwisha kumheshimu mzee wake. Walakini tusiidharau sheria, kwa kuwa yuko mjane asiye na mtoto. Basi ahubiriye Amri ya Nne na aulize pia: mjane huyo, akiisha kulipa pango, hubakiwa na nini?