Mizinga baharini: nani huonywa?

Mtaa wa Al Mansoura, Doha, hauko mbali na Ghuba, lakini maonyo ya mazoezi ya mizinga kwa meli za masafa marefu huko huratibiwa na Pakistan. Yale ya Kenya na Tanzania huratibiwa na India.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unairuhusu nchi kuzuia kwa muda meli za kigeni kupita katika sehemu fulani za maili 12 za bahari yake, ili mradi itangaze kwanza. Katika bahari kuu huweza kuonya tu.

Meli kubwa hupokea onyo kwa mitambo. Jahazi lisilo na mtambo, pengine bila redio, hubaki kutegemea macho ya wapiga mizinga wenyewe, ambao hupaswa kusitisha kufyatua chombo kinapoonekana.