Malengelenge na Sugu za Vidole: Jinsi ya Kuilinda Miguu Unapokimbia

Mwanariadha aliyevutika msuli wa paja hupumzishwa na kukandwa. Mwenye lengelenge kwenye kidole cha mguu huambiwa avumilie. Katika Elgeyo Marakwet, ambako vijana wengi wanatafuta riziki kwa mbio, ushauri huo una gharama. Anayekimbia akikikwepa kidole kinachouma hubadilisha namna anavyokanyaga, na baada ya siku chache maumivu huhamia kwenye kifundo, goti au nyonga. Hapo kidonda ambacho kingepona ndani ya wiki moja kinaweza kumnyima msimu mzima.

Wengi hudhani lengelenge hutokea kwa sababu kiatu kimeikwaruza ngozi kwa juu. Hiyo ni sehemu tu ya habari. Kila mguu unapotua, mfupa wa kidole husogea mbele na nyuma ilhali ngozi ya nje imenata kwenye soksi. Tabaka za katikati huvutwa huku na huku, na zikivutwa mara maelfu huachana, kisha nafasi hiyo ikajaa maji. Sugu hutokana na nguvu hiyohiyo ikifanya kazi polepole: ngozi inayobanwa na kusuguliwa siku baada ya siku hujilinda kwa kuwa nene.

Kabla ya lengelenge kujaa, sehemu hiyo ya kidole huwaka. Joto hilo ndilo onyo. Septemba 2015, Eliud Kipchoge alishinda marathoni ya Berlin kwa saa 2 na dakika 4 huku soli za ndani za viatu vyake zikiwa zimechomoka na kuning'inia nje. Alifika utepeni akiwa na malengelenge na damu miguuni. Yeye alikuwa mashindanoni na hakuwa na nafasi ya kusimama. Aliye mazoezini anayo. Dakika 2 za kuvua kiatu, kukung'uta mchanga, kunyoosha soksi na kubandika plasta mara nyingi hutosha kulizuia lengelenge.

Unyevu, soksi na plasta

Ngozi yenye unyevu hunata zaidi kuliko ngozi kavu, ndiyo maana malengelenge huongezeka majira ya mvua na kwa wanaokimbia alfajiri kwenye nyasi zenye umande. Soksi za pamba hunyonya maji na kukaa nayo. Za nailoni, poliesta au sufu nyepesi hukauka haraka zaidi. Soksi iwe inakaa vizuri mguuni bila kukunjana, na kama mshono wake unakwaruza kidole kidogo, igeuzwe nje ndani, hakuna atakayeona. Baada ya mazoezi miguu ioshwe na kukaushwa hadi katikati ya vidole. Viatu vyenye matope vitolewe soli za ndani ndipo vianikwe, la sivyo kesho yake vitavaliwa vikiwa bado vibichi.

Mafuta ya mgando hupunguza msuguano mwanzoni mwa mbio, lakini nguvu yake huisha kadiri muda unavyopita, na barabarani hunasa vumbi. Kwa mbio ndefu, plasta nyembamba ya karatasi inayouzwa katika maduka ya dawa ni bora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu wakimbiaji wa mbio za siku kadhaa za kilomita 250 ulionyesha kwamba plasta hiyo ilipunguza malengelenge kwa takriban asilimia 40. Ibandikwe kwenye ngozi kavu kabla ya kuanza, bila mikunjo.

Kiatu cha mitumba

Raba nyingi zinazokimbiwa hapa hununuliwa mitumbani, na si vibaya. Tatizo ni kwamba kiatu cha mitumba tayari kimezoea mguu wa mtu mwingine. Mnunuzi atoe soli ya ndani na kuitazama: mashimo ya vidole vya mwenye kiatu wa kwanza huonekana waziwazi. Kisha aisimamie. Kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa baadhi ya watu ni cha pili wala si gumba, kibakishe nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mpaka mwisho wa soli. Vidole visimwagike nje ya kingo zake. Halafu aingize mkono ndani ya kiatu na kupapasa kitambaa cha mbele. Kikiwa kimetoboka, aachane nacho hata muuzaji akipunguza bei. Jioni ndio wakati mzuri wa kujaribu viatu, kwani miguu huwa imevimba kidogo, kama inavyovimba katika mbio ndefu.

Miteremko ina adha yake. Anayeshuka kutoka Iten kupitia Tambach kuelekea Biretwo huteleza ndani ya kiatu kila hatua, na vidole vikagonga mbele. Kucha nyeusi na malengelenge kwenye ncha za vidole mara nyingi hutoka huko. Kabla ya kuteremka, kamba zikazwe upya na kupitishwa kwenye tundu la mwisho lililo karibu na kifundo ili kisigino kisiinuke. Kucha zikatwe fupi na kwa unyoofu, lakini si usiku wa kuamkia mashindano, maana ukingo mpya una makali.

Je, sugu ni kinga?

Kuna wazee wanaosema mguu wenye sugu ndio mguu wa mkimbiaji, na hawajakosea kabisa. Mwaka 2019 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliopima nyayo za watu wa magharibi mwa Kenya, wakiwemo waliozoea kutembea peku. Sugu zao zilikuwa nene na ziliwalinda bila kupunguza uwezo wa unyayo kuhisi ardhi. Lakini hiyo ni sugu ya unyayo mzima iliyojengwa na ardhi. Sugu ya ndani ya kiatu, iliyojikita ubavuni mwa kidole gumba au juu ya kidole kidogo, ni alama ya mahali kiatu kinapobana. Ikiwa nene sana, lengelenge linaweza kuota chini yake, likauma sana na likawa gumu kufikiwa.

Sugu ya namna hiyo hupunguzwa taratibu: miguu ilowekwe katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, isuguliwe kwa jiwe la miguu, kisha ipakwe mafuta. Lengo ni kuilainisha tu, si kuimaliza. Wembe usitumike kamwe. Na kiatu kisipobadilishwa, sugu itarudi palepale.

Lengelenge likishatokea

Lengelenge dogo lisilouma liachwe, lifunikwe. Ngozi yake ya juu ni bandeji bora kuliko yoyote ya dukani. Likiwa kubwa na linazuia kutembea, oshwa mikono na kidole kwa sabuni, litobolewe pembeni kwa sindano safi iliyopanguswa spiriti, maji yakamuliwe polepole na ngozi ibaki mahali pake. Kuichuna ngozi hiyo, jambo ambalo vijana hulifanya sana, huacha kidonda kibichi kinachokutana na vumbi na samadi ya njiani. Lengelenge la damu lisitobolewe nyumbani.

Mwaka 1924, Calvin Coolidge mdogo, mwana wa rais wa Marekani, alicheza tenisi bila soksi akapata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Viini viliingia katika damu, na kijana huyo wa miaka 16 akafariki baada ya takriban wiki moja. Wakati huo penisilini ilikuwa haijagunduliwa. Leo dawa zipo, mradi mgonjwa afike mapema. Wekundu unaosambaa, usaha, homa, mstari mwekundu unaopanda mguuni au mitoki kwenye kinena ni sababu ya kwenda zahanati siku hiyohiyo. Atakayehudumiwa ataje pia mara ya mwisho alipochanjwa pepopunda.

Wenye kisukari wanaotembea au kukimbia kwa ajili ya afya wasitoboe lengelenge wala kusugua sugu wenyewe, hata kama hawahisi maumivu. Kisukari kinaweza kuleta ganzi miguuni, na kidonda kikakua bila mwenyewe kujua. Wakague miguu yao kila jioni, pamoja na katikati ya vidole, na asiyeweza kuona chini ya unyayo atumie kioo au amwombe mtu wa nyumbani amtazamie.