Ukuta Ulioinama: Dhima ya Makampuni ya Mitandao

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Watu wa Mwese, mkoani Katavi, hawahitaji kuelezwa uchochezi huzaa nini. Katika miaka ya 1960 nyanda zao ziliwapokea Wanyarwanda waliokimbia mauaji kwao, kisha wakahamishwa tena na machafuko ya Kivu, Kongo. Mwaka 1993 chuki ile ile ilipata chombo kipya, redio ya RTLM. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waasisi wake wawili mwaka 2003. Rufaa ya mwaka 2007 ilimbakisha mmoja wao na hatia kwa ajili ya redio hiyo, kwa kuwa aliweza kuwazuia watangazaji wake na hakuwazuia.

Leo chombo ni simu, na mwenye mtandao yuko Marekani. Je, naye ana dhima?

Kesi ya Nairobi

Novemba 2021, wakati wa vita vya Tigray, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Kabla ya hapo, maandishi ya kumtuhumu yalikuwa yameenezwa kwenye Facebook. Mwanawe anasema aliiarifu kampuni, na maandishi hayakuondolewa kwa wakati. Desemba 2022 yeye na wenzake waliishitaki Meta, kampuni inayomiliki Facebook, katika Mahakama Kuu ya Kenya. Wanadai pia kuwa programu inayochagua cha kumwonyesha mtu huyatanguliza maneno ya chuki, kwa sababu huwashikilia watazamaji na kuleta faida ya matangazo.

Meta ilijitetea kuwa haikusajiliwa Kenya, hivyo mahakama haina mamlaka juu yake. Aprili 2025 mahakama iliikataa hoja hiyo. Uamuzi huo ulihusu mamlaka tu, si hatia.

Nguvu ya makampuni haya hufika hadi kwenye siasa. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi wa Uganda, Facebook ilifunga akaunti ilizozihusisha na serikali, na serikali nayo ikaifunga Facebook nchini. Raia hakuulizwa na upande wowote.

Fiqhi inasemaje?

Kwanza, mtendaji (mubashir) na msababishi (mutasabbib) wakikutana, hukumu huelekezwa kwa mtendaji. Ndivyo ilivyo katika kifungu cha 90 cha Majalla ya Dola ya Uthmaniyya. Basi muuaji hasalimiki kwa kuulaumu mtandao.

Pili, msababishi naye hudhamini akivuka mpaka. Mafakihi walilieleza hili kwa ukuta ulioinamia njia. Kwa Mahanafi, mwenye ukuta akionywa, akapata nafasi ya kuubomoa asiubomoe, kisha ukamwangukia mtu, atadhamini. Kwetu Mashafii, Imam Nawawi katika Minhaj anatofautisha: aliyeujenga ukiwa umeinamia barabara hudhamini, lakini uliojengwa wima kisha ukainama, kauli yenye nguvu ni kuwa mwenyewe hadhamini.

Tukipima kwa mfano huu, maswali ni mawili. Je, kampuni ilionywa ikanyamaza? Na je, ukuta ulijengwa umeinama tangu mwanzo? Walioshitaki wanadai yote mawili. Yakithibiti, madhehebu hizi mbili zinakutana kwenye dhima.

Tatu, kifungu cha 87 kinafundisha kuwa hasara hufuatana na faida. Anayechuma kwetu hawezi kusema mahakama zetu hazimhusu.

Sehemu yetu

Ndugu Waislamu, Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuichunguza habari ya fasiki kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga. Anayesambaza uzushi ni msababishi pia. Na imamu anayesimamia kundi la simu la msikiti wake ana ukuta wake mwenyewe: akionywa, auondoe uchochezi kabla haujamwangukia mtu.

Haya ni mizani ya kutafakari, si fatwa. Wallahu a'lam.