Kompyuta inaganda oda zikiwa nyingi? Ujue mkono wa hadi diski



Mteja anataka picha ya mzigo sasa hivi. Unafungua folda, kiduara kinazunguka tu. Ukija kuipata, ameshanunua kwa mwingine. Wengi tunatumia kompyuta za mtumba, mimi hapa Ikungi nikiwemo, na nyingi zinakuja na hadi diski ya kuzunguka. Mara nyingi siyo mbovu, ila tunaibebesha safari nyingi. Nieleze.

NDANI KUNA NINI?

Kuna sahani ngumu zinazong'aa, zinazunguka mara 5400 kwa dakika, nyingine 7200. Juu yake kuna mkono wenye kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa sumaku. Ukitaka picha, mkono unasogea mpaka kwenye mstari wake, halafu unasubiri sahani izunguke mpaka picha ifike chini ya kichwa.

Tupige hesabu ya ile ya 5400. Gawanya sekunde moja mara elfu, kila kipande ni milisekunde. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11 hivi, na kwa wastani unasubiri nusu yake. Ongeza mkono kusogea, kama 12. Jumla 17 na ushee. Kwa hiyo kwa sekunde moja hazifiki safari 60. Kila safari ikileta kipande cha KB 4, hujafikisha hata robo ya MB! Lakini diski hiyo hiyo ikisoma faili moja kubwa lililopangwa mfululizo, inaweza kutoa karibu MB 100 kwa sekunde. Kinachokula muda ni safari za mkono.

FOLENI INAPANGWAJE?

Chukulia Noah inayopiga ruti ya Singida mjini na Manyoni. Abiria wamepiga simu: wa kwanza yuko Manyoni, wa pili Puma, wa tatu Issuna. Dereva akifuata mpangilio wa simu, atakimbia mpaka Manyoni, arudi Puma, ageuze tena Issuna. Mafuta yamekwisha.

Akisema kila mara nachukua aliye karibu, atawahi. Ila abiria wapya wakizidi kujitokeza Puma na Ikungi, wa Manyoni atalala stendi.

Njia nzuri ni kwenda moja kwa moja ukiokota wote wa upande huo, ukifika mwisho unageuza na kuokota wa kurudi. Kompyuta nayo hupanga maombi kwa mtindo huo, wataalamu wanauita njia ya lifti. Hadi diski nyingi za SATA zenyewe zinaweza kushika maombi hadi 32 na kuyapanga upya ili mkono utembee kidogo. Hata oda zako zipange hivyo: kwa njia, lakini wa mbali asisahaulike.

Sasa ukikopi video, antivirusi inakagua na Windows inajisasisha kwa wakati mmoja, hata foleni ipangwe vipi, mkono utazidiwa.

FANYA HIVI

1. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kwenye Task Manager ingia Performance, angalia Disk. Ikikaa 100% muda mrefu, funga kazi zisizo za lazima.

2. Kopi folda moja iishe ndipo uanze nyingine. Mbili kwa pamoja kwenye diski moja zinachelewa kuliko kwa zamu.

3. Mafaili yakitawanyika, mkono unahangaika. Acha Windows ifanye kazi ya kuyapanga pamoja, ile ya Defragment. Hiyo ni kwa hadi diski ya kuzunguka tu, SSD haihitaji.

4. Zima kompyuta kwa utaratibu. Kazi uliyoseivu inaweza kuwa bado iko kwenye foleni, haijaandikwa kwenye sahani. Umeme ukikatika hapo, imepotea. Ukiweza, tafuta UPS.

5. Usiisogeze wala kuigonga ikiwa inafanya kazi. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Kikigusa, data zinakwaruzwa.

6. Ukisikia "tak, tak, tak", kopi kwanza orodha ya wateja na daftari la madeni. Video baadaye.

UKIPATA HELA KIDOGO

Weka SSD. Haina sahani wala mkono, kwa hiyo kufuata vipande vilivyotawanyika haisumbuki. GB 240 inatosha Windows na kazi za kila siku. Ile ya zamani kama bado nzima, itumie kutunzia nakala. Na nakala nyingine iwe mtandaoni, maana SSD nayo inakufa, tena mara nyingine bila kupiga kelele.

Simu ikiibiwa utanunua nyingine. Majina ya wanaokudai na unaowadai hayauzwi dukani. Leo kabla ya kufunga, kopi hilo daftari kwanza.